Tembo Pande Zote Mbili

Usimwone Mbuke ana macho makali ukadhani ni mtu wa shari. Macho hayo alizaliwa nayo, huko Ngokolo mjini Shinyanga, na yamemkimbizia wateja wengi kabla hawajamzoea. Wakishamzoea hawamwachi. Wachimbaji wa dhahabu wa maduara, yale mashimo ya nyuma ya kilima, mwendo wa baiskeli kutoka Kalangalala mjini Geita, walikuwa wakila kwake ugali wa muhogo na dagaa kila siku iendayo kwa Mungu, na walimwita Mama Nelly, kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni. Mumewe aliitwa Bujiku. Na hapo kwenye Bujiku ndipo penye maneno.

Bujiku hakuwa mchimbaji wala hakuwa na duara. Kifua chake kilikataa vumbi mapema. Kazi yake kule machimboni ilikuwa moja tu, na tafadhali usicheke: alikuwa akirusha shilingi.

Tuelewane. Mawe yakitoka shimoni hutengwa marundo mawili, moja la mwenye duara na moja la wachimbaji. Lakini jiwe halisemi. Hujui lipi lina dhahabu mpaka lisagwe, lioshwe na kukamatwa kwa zebaki. Sasa nani achague rundo kwanza? Watu walishang'oana meno kwa swali hilo. Wakaamua Jumamosi jioni iwe inarushwa shilingi ishirini, ile yenye kichwa cha Rais upande mmoja na tembo na mtoto wake upande wa pili. Mwenye duara akachukua kichwa, maana ndiye mkubwa wa kazi. Wachimbaji wakachukua tembo. Anayeshinda anachagua rundo analolitaka. Anayeshindwa anabeba lililobaki, na juu yake anapewa kifuta machozi, yaani mchanga wa marudio, ule uliokwisha kusagwa na kuoshwa na kutolewa dhahabu yake. Takataka, kwa kifupi. Hata ukutani haushiki.

Mrushaji ilibidi awe mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini, na mtu huyo alikuwa Bujiku. Ndaki, mdogo wake Mbuke, aliyekuwa mchimbaji kwenye duara hilo hilo, alikuwa akiapa mbele ya watu kwamba mkono wa shemeji yake haujui dhambi. Na wachimbaji walikuwa wakishinda! Si kila Jumamosi, lakini mara nyingi mno. Wakimbeba Bujiku juu juu wakiimba, na mwenye duara, Bwana Donatus, akitikisa kichwa na kuwaita watu wake waje wamzolee mchanga wake. Watu walimwonea huruma.

Bujiku akafa kwa kifua chake, mwaka ule wa mvua za El Nino, makaburi yakijaa maji kabla jeneza halijashuka. Jeneza alinunua Donatus. Ada ya Nelly, Donatus. Matanga yalipoondoka, wachimbaji wakaja mbele ya kibanda cha Mbuke wamevua kofia, Ndaki akiwa mbele.

"Mhola, mayo?" wakamjulia hali mama yao kwa Kisukuma.

"Mhola duhu. Mbona mmekuja kama watu wa posa?"

"Dada," Ndaki akasema, "tangu shemeji aondoke hatujagawana kwa amani hata mara moja. Watu wanashikana mashati. Hatumwamini mtu, tunaiamini nyumba hii tu. Tunataka urushe wewe."

"Mimi? Na mkono huu wa kusongea ugali?"

"Huo huo. Na urushe shilingi ya marehemu. Bwana Donatus mwenyewe amesema hataki nyingine."

Mbuke hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili, kisha akakubali. Alijisikia ameheshimiwa, ukweli usemwe. Wenzake wangapi waliofiwa huwa wanafuatwa na watu wamevua kofia?

Basi akaingia ndani kuitafuta shilingi. Aliikuta kwenye kopo la ugoro la marehemu, na haikuwa moja, zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa shilingi ishirini kama zote unazozijua. Ya pili ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Akaifungua, akaona tembo. Akaigeuza, akaona tembo. Akajilaumu kwamba hakuigeuza sawasawa, akaigeuza tena polepole kama anageuza chapati. Tembo, na mtoto wake nyuma. Akachota jivu mekoni akaisugua, labda ni uchafu uliofunika kichwa cha mkubwa. Wapi! Ikang'aa, na tembo wakang'aa nayo, huku na huku.

Mbuke akakaa chini, pale pale.

Fikiri na wewe. Sarafu yenye tembo pande zote ikirushwa itaanguka nini? Kwa hiyo zile Jumamosi zote, wale vijana wakibebana na kuimba, ilikuwa ni mchezo? Lakini aliwahi kushuhudia kwa macho yake kichwa kikianguka, Donatus akaruka kama mtoto. Basi siku hiyo ilirushwa ile nyingine. Au ilirushwa ile nyingine siku zote, na hii ya ajabu ilikaa tu kwenye kitambaa? Na kama alikuwa akiirusha hii, aliyeibiwa ni nani? Si Donatus? Donatus huyo huyo wa jeneza, Donatus wa ada? Ina maana yeye Mbuke anasomeshewa mtoto na mtu ambaye mumewe alikuwa akimwibia kila wiki mchana kweupe?

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja, na alikitaka kabla ya Jumamosi ya kurusha: ajue kama mumewe alikuwa mwizi. Na kichwani mwake alijipangia hivi. Shilingi ya namna hii imetoka sehemu mbili tu. Ama wanaotengeneza fedha za serikali walikosea, ama kuna fundi aliyeitengeneza. Kama waliokosea ni wao, basi Bujiku aliiokota tu kwenye chenji, akaiona ni kioja, akaihifadhi, kwisha. Lakini kama kuna fundi aliyeitengeneza, basi aliitengeneza kwa kazi moja, na kazi hiyo inajulikana.

Nani wa kumwambia? Akamkumbuka Rohit.

Rohit ana duka la vitambaa na vyombo mjini Shinyanga, alilorithi kwa baba yake, na chini ya kaunta ana albamu za fedha za kale: rupia za Mjerumani, senti za mkoloni zenye tundu, na vitu vingine ambavyo mkewe anavipigia kelele kila mwaka. Mbuke alipokuwa msichana alikuwa akimpelekea senti za tundu alizoziokota, akipewa peremende. Akafunga kibanda, akaaga kwamba anakwenda kumwona shangazi yake wa Nyasubi, Kahama, na kwa shangazi alipita kweli asije akawa mwongo, kisha akafika Shinyanga matope hadi magotini.

"Karibu, Mama Nelly, karibu. Pole sana na msiba," Rohit akasema. "Nilisikia, nikashindwa kuja. Barabara yote ilikuwa maji."

"Nimeshapoa, Bwana Rohit. Nina kitu nataka ukione, na usiniulize nimekitoa wapi."

Rohit akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Akaitazama shilingi upande mmoja, akaigeuza. Akaenda kufunga nusu ya mlango. Akaleta sumaku, shilingi ikanasa kama zinavyonasa zote. Akaiangusha juu ya kioo cha kaunta, akasikiliza inavyolia, akaiangusha tena. Kisha akaivuta karibu na pua na uso ukambadilika.

"Umeisugua?"

"Kwa jivu. Nilitaka niione vizuri."

"Aa! Jivu! Mama Nelly, jivu!" Rohit akajishika kichwa. "Sarafu ya namna hii haisuguliwi, haioshwi, haifutwi hata kwa ncha ya kanga. Umeshaipunguzia daraja."

"Daraja gani? Imesoma hiyo?"

Rohit akacheka asipende. Akavuta kigoda, akamweleza taratibu. Huko Amerika kuna watu ambao kazi yao ni kupima sarafu. Unawapelekea, wanaipima uzito, wanaiweka chini ya vioo, wanaichunguza pande zote hadi ukingoni. Kwanza wanasema kama ni ya kweli au imechezewa. Ikiwa ya kweli wanaipa daraja kwa hali yake, wanaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye karatasi yao, na halifunguki tena bila kuvunjwa. Mtu yeyote duniani akiliona kasha hilo anaamini bila kuuliza. Bila kasha, hata mtu angekuwa na malaika mkononi, wenye pesa zao wangemwambia ni bandia.

"Na wewe unaionaje?"

"Mimi?" Rohit akaipindua tena kwa ncha za vidole. "Wapo mafundi wanaokata shilingi mbili, wanachukua tembo wa hii na tembo wa ile, wanazigandisha. Watu wa mazingaombwe wanazo. Hii siioni mshono. Inawezekana kule zinakopigwa mtu alifunga chapa ya tembo juu na chini, zikatoka chache kabla hajashtuka. Ikiwa hivyo, sijawahi kuona wala kusikia ya kwetu. Lakini macho yangu si mashine, siwezi kuapa."

"Kwa hiyo hao wa Amerika wakisema imetoka serikalini," Mbuke akasema, akiyapima maneno yake, "mtu aliyekuwa nayo hana kosa?"

"Kosa la nini? Wao wanapima sarafu, Mama Nelly. Mtu hawampimi."

Mbuke akamkasirikia bure kabisa. Aliona kama Rohit amemnyima kitu kwa makusudi. Alimuuliza itachukua muda gani, akaambiwa ni miezi. Akauliza kama itarudi salama, Rohit akasema posta ni posta, lakini kaka yake anasafiri wiki ijayo kwenda huko na angeweza kuibeba mfukoni. Akauliza kama hiyo kazi inalipiwa, akaambiwa asijali, watalipana ikirudi.

"Niachie leo," Rohit akasema.

"Sikuachii."

"Basi niambie unaogopa nini."

"Naogopa watakachosema," Mbuke akajibu. "Na naogopa wasiposema." Akaifunga kwenye kitambaa chake, akaitia kifuani, akaaga.

Njia nzima ya kurudi akili yake ilikuwa kama kuku aliyepoteza banda. Akifika Kahama ameamua ipelekwe, maana afadhali kujua. Akitoka Kahama ameamua isipelekwe, maana Bujiku amelala, kwa nini afukuliwe na Wamarekani? Halafu akajiuliza: na wakisema imetengenezwa na fundi, nitaitazamaje picha yake ukutani? Halafu: na wakisema ni ya kweli, ndiyo nini sasa? Kitu cha kweli hakiibii? Swali hilo la mwisho lilimchosha, akalifukuza. Likarudi. Jamani, kuna watu wanaodhani mjane kazi yake ni kulia tu.

Alipofika Geita alikuwa ameona njia moja. Kabla wageni wa ng'ambo hawajajua, ajue kwanza aliyeibiwa. Kama kuna mtu wa kumwomba radhi, basi ni Donatus, na kama Donatus ataiondoa ada ya Nelly, aiondoe. Akakaza kanga yake, akaenda Kalangalala.

Donatus alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma na ua mpana nyuma yake. Alimpokea barazani kwa furaha, akamwita shemeji kama kawaida, akaagiza soda. Mbuke hakuigusa soda. Akafungua kitambaa na kuiweka shilingi juu ya meza, akaigeuza mbele ya macho yake.

"Shemeji, nimekuta hii kwenye vitu vya Bujiku. Nisamehe. Nisamehe kwa niaba yake."

Donatus akaitazama. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha tumbo, mpaka akajifuta macho.

"Unaniomba radhi! Shemeji, hiyo shilingi ni yangu mimi! Nilipewa benki, imo kwenye mfuko mpya wa chenji, haijashikwa na mkono wa mtu. Nikaiona, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikampa mumeo."

"Ukampa ya nini?"

"Vijana washinde. Wewe huwajui wachimbaji? Wakishindwa mara kadhaa wanahamia duara la jirani, unabaki na shimo lako na maji yako. Wakishinda wanabaki, wanaimba. Siku moja moja anarusha ile ya kawaida ili wasishtuke. Mimi napata hasara kidogo, lakini nina watu."

"Na Bujiku akakubali?"

"Alikataa. Alikataa sana. Nikamwambia, unamwibia nani? Anayeibiwa ni mimi, na anayekutuma ni mimi. Akafikiri, akacheka, akakubali. Alifurahi wale vijana walipokuwa wakimbeba."

Mbuke alihisi kitu kizito kimetoka kifuani. Alitaka kuyabusu yale matofali. Mumewe si mwizi! Shilingi imetoka benki, mkono wa fundi haumo, aliyeibiwa ametoa ruhusa kwa kinywa chake. Akamweleza Donatus habari za Rohit na Amerika na kasha la plastiki, akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Donatus hakucheka. "Usiipeleke," akasema.

"Ni ya kweli, shemeji, si umesema? Watasema ni ya kweli."

"Itakuwa ya kweli na itakuwa Amerika. Jumamosi utarusha nini? Endelea kama marehemu. Na Nelly ataendelea na shule yake."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula. Mbuke akaitikia, akachukua shilingi, akatokea mlango wa nyuma ili apitie uani.

Huko uani kulikuwa na lori, na watu wakipakia mchanga wa marudio. Mbuke angepita tu, maana mchanga ni mchanga, lakini aliona jambo lililomsimamisha. Sepetu ya mmoja wao ilikuwa imeteleza, mchanga ukamwagika, na yule mtu alikuwa amepiga magoti anaufagia kwa ufagio mdogo wa mkono, anauzoa kwa kiganja, hata ulioingia kwenye ufa wa sakafu. Mbuke ni mama wa jikoni. Unga ukimwagika unaufagia hivyo. Jivu likimwagika hulifagii hivyo.

"Mnaupeleka wapi?" akamuuliza dereva.

"Mwanza, mama. Kwenye matangi. Kuna watu wanauloweka kwa dawa, siyo zebaki, dawa nyingine. Unatema dhahabu kuliko mawe yenyewe."

"Wacha wee! Huu mchanga uliooshwa?"

"Huu huu. Zebaki inakamata kidogo tu, kingi kinabaki humu. Bosi wangu Donatus siku hizi mawe anayaona mzigo."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kubeba," dereva akasema, akawasha sigara. "Lori hili limenunuliwa kwa fedha ya mchanga."

Mbuke akatoka nje ya geti akatembea kwa miguu, mvua ikimnyeshea, na hakujifunika. Kwa hiyo kila tembo alipoanguka, mchanga ulikwenda kwa Donatus. Kila vijana walipoimba, walikuwa wakiimba kilio chao bila kujua. Aliyeibiwa si Donatus, ni Ndaki. Ni wale waliovua kofia mbele ya kibanda chake. Na mkono uliorusha ni wa Bujiku.

Alijua? Hilo ndilo swali sasa, na lilikuwa baya kuliko lile la kwanza. Huenda Donatus alimwambia la vijana akamficha la mchanga. Bujiku alikuwa mtu wa kuamini, ungeweza kumuuzia kamba ukamwambia ni ng'ombe. Lakini mwaka ule wa mwisho alikuwa ameanza kununa Jumamosi zikifika. Alikuwa akisema mkono unamuuma. Mbuke alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akidhani ni ugonjwa wa kifua umeshuka begani. Je, ulikuwa ugonjwa kweli? Au alikuwa amejua, akashindwa kusema, akaendelea kurusha? Angemuuliza nani? Aliona aibu, akaona hasira, akamhurumia, akamchukia, halafu akamkumbuka anavyocheka, akachanganyikiwa upya.

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imepumzika. Marundo mawili ya mawe yalikuwa yamepangwa, na pembeni yake ule mchanga wa kijivu, umefunikwa turubai. Wachimbaji walikuwa wamezunguka na matope yao, Donatus amevaa viatu vya mpira, mikono nyuma. Ndaki akamkaribisha dada yake katikati kwa makofi.

Mrushaji naye alikuwa na fungu lake, debe moja, alilolichota mwenyewe kabla ya kurusha asije akaambiwa amependelea. Miaka yote Bujiku alichota mawe. Ndaki akampa debe. Mbuke akalichukua, akalipita rundo la kwanza, akalipita la pili, akaenda kwenye mchanga na kuinua turubai.

Watu wakacheka. "Mayo, huko siko!" mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema mwacheni, ana majonzi, hajui anachofanya. Mbuke akapiga magoti na kutumbukiza debe.

"Huo hauguswi!"

Alikuwa Donatus, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Kicheko kikakatika. Ndaki akageuka akamtazama.

"Kwa nini hauguswi, Bwana Donatus? Si takataka?"

"Utaratibu ni mawe," Donatus akasema. "Mrushaji anachota mawe."

"Lakini kama anataka takataka, wewe unapungukiwa nini?"

Donatus akageuka. Alimtazama Mbuke, na Mbuke akajua ada ya Nelly imefika mwisho. Akasimama, magoti yamejaa mchanga, akatoa shilingi kifuani. Hakujua kupamba maneno, aliyasema yalivyo. Akawaonyesha tembo, akaigeuza akawaonyesha tembo. Akawaambia imetoka wapi na nani aliitoa. Akawaambia habari za lori na matangi na mtu wa ufagio. Kuna waliokwenda kuushika ule mchanga na kuutazama kiganjani kana kwamba hawajawahi kuuona.

Kelele zilizofuata nisikusimulie. Donatus alikuwa akirudi nyuma kuelekea kwenye pikipiki yake, mikono mbele.

"Mimi nilirusha?" alikuwa akipiga kelele. "Nani alirusha? Mwulizeni huyo! Mkono ulikuwa wa mumewe!"

Hakuna aliyeweza kumbishia, maana ni kweli. Pikipiki ikaondoka. Macho yote yakahamia kwa Mbuke. Kulikuwa na mzee mmoja pale, mchimbaji wa tangu zamani, ambaye mwaka uliotangulia alimpa mjukuu wake jina la Bujiku. Yeye aliivaa kofia yake na kuondoka bila kuaga.

Ndaki akaja akanyoosha mkono. Mbuke akampa shilingi. Ndaki akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ni ya kweli hii, dada? Si ya kutengenezwa?"

"Ni ya kweli. Inakwenda kwa Rohit, Wamarekani wakaipime na kuifunga kwenye plastiki yao. Ikishafungwa hakuna atakayeirusha tena. Na itakacholeta ni chenu wote, si changu."

Ndaki akairudisha kiganjani mwa dada yake na kumfunga vidole juu yake. 

"Na shemeji," akasema, "alijua?"

Wachimbaji wote walikuwa wanasubiri. Mbuke aliona kwamba wangemwamini. Akisema hakujua, wangeamini, na Bujiku angebaki Bujiku. Walikuwa wakimwomba aseme hivyo.

"Sijui," Mbuke akasema. "Nilikuwa mkewe, na sijui." Akalia kwa sauti mbele yao, si kwa sababu ya kifo, maana kifo alikuwa amekwisha kukizoea.